Ellen Pence: Aliyewafanya polisi na mahakama kuacha kuita dhuluma 'ugomvi wa nyumbani'

KWA miaka mingi, afisa wa polisi aliyeitwa usiku kwa sababu mume anampiga mkewe alikuwa na jukumu moja pekee: kutuliza. Katika miji mingi ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970, afisa huyo alimtoa mume nje apungwe na upepo, akamsihi mke asiongeze maneno ya kuchochea, kisha akarudi kwenye gari lake na kuondoka.

Aghalabu hakuna aliyekamatwa na hakuna kilichoandikwa. Na iwapo wiki iliyofuata mwanamke huyo angepatikana amevunjwa mkono, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa ni kwa nini bado anaishi katika nyumba hiyo.

Ellen Pence aliitumia zaidi ya miaka 30 ya maisha yake kulipindua swali hilo. Yeye alitaka kujua ni kwa nini mwanamume anapiga, na ni nani miongoni mwa maafisa wa umma anayemwachia nafasi ya kuendelea kupiga.

Jina lake halivumi Afrika Mashariki. Hata hivyo, mchoro mmoja uliotokana na kazi yake, gurudumu lenye spoku nane, hutumiwa na washauri, wauguzi na mawakili katika mataifa mengi, mara nyingi bila wao kujua ulikotoka.

Harakati za Minnesota

Bi Pence alizaliwa mwaka wa 1948 mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani karibu na mpaka wa Kanada. Alipata shahada yake ya kwanza katika chuo cha St Scholastica, mjini Duluth, mji ambao baadaye ungefungamana na jina lake. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa ameshajitosa katika harakati za kuwatetea wanawake waliopigwa na waume zao.

Alianzia mahali pazuri. Huko London, Uingereza, Erin Pizzey alikuwa amefungua makao ya wanawake waliokimbia vipigo katika mtaa wa Chiswick mwaka wa 1971. Miaka mitatu baadaye, kundi la Women's Advocates likafungua makao yake mjini St Paul, Minnesota, yakiwa miongoni mwa ya kwanza nchini Marekani.

Makao hayo yaliokoa maisha, lakini yaliwafumbua macho wanaharakati kuhusu jambo la kuudhi. Mwanamke aliyepigwa ndiye aliyehama, watoto wake ndio waliokatiza masomo, naye aliyepiga akabaki na nyumba, kitanda na heshima yake mtaani. Isitoshe, kila kitanda kilichoachwa wazi kilipata mwingine wa kukilalia siku iyo hiyo.

Hapo ndipo mkazo ulipohamia kwenye sheria. Mnamo 1978 Minnesota iliwaruhusu polisi kumkamata mshukiwa wa shambulio la nyumbani bila kibali cha mahakama, hata ikiwa hawakumshuhudia akipiga, mradi wawe na sababu za kutosha kuamini alifanya hivyo. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyomwezesha mwanamke kuomba mahakama ya kiraia impe amri ya ulinzi, ikiwemo kumwondoa mume nyumbani.

Sheria ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Polisi walikuwa na uwezo wa kukamata ila hawakukamata. Viongozi wa mashtaka walipokea faili chache na wakaziondoa nyingi, wakisema mlalamishi amebadilisha nia. Mahakimu walitoa onyo. Kila ofisi ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilielekeza lawama kwa ofisi ya jirani.

Mji wa baridi kando ya ziwa

Mnamo 1980, Bi Pence na wenzake waliuchagua mji wa Duluth kufanyia jaribio. Ni mji wa bandari kando ya Ziwa Superior, maarufu kwa meli za kusafirisha madini ya chuma na kwa baridi kali, na wakati huo ulikuwa na wakazi wapatao 90,000. Ukubwa wake ulifaa: haukuwa kijiji, lakini watu wote wenye usemi juu ya kesi moja wangeweza kuketi katika chumba kimoja.

Mradi huo uliitwa Domestic Abuse Intervention Project, au DAIP kwa kifupi. Miongoni mwa walioushughulikia tangu miaka ya mwanzo ni Michael Paymar, ambaye baadaye alikuwa mbunge katika bunge la jimbo hilo.

Wazo lenyewe halikuwa na makuu. Kila ofisi, tangu wanaopokea simu za dharura, polisi, gereza la kaunti, viongozi wa mashtaka, mahakimu, maafisa wa probesheni hadi makao ya wanawake na vituo vya ushauri, ilitakiwa kuandika kanuni zake na kukubali zilinganishwe na za wenzake.

Polisi walikubali kwamba panapokuwa na sababu ya kuamini shambulio limetokea na dalili za majeraha zinaonekana, watamkamata mshukiwa badala ya kumshauri. Hata pale ambapo hawakumkamata mtu, walitakiwa kuandika ripoti. Idara ya polisi ya Duluth ikawa miongoni mwa za mwanzo nchini Marekani kufanya kumkamata mshukiwa kuwa lazima katika kesi za aina hii.

Mshukiwa alipofikishwa rumande, makao ya wanawake yalipigiwa simu. Watetezi wa kike walikwenda kumwona mwanamke nyumbani kwake, nao wanaume wa kujitolea wakamtembelea mshukiwa seli. Aliyepatikana na hatia angeweza kupewa kifungo cha nje kwa sharti la kuhudhuria masomo ya kubadili tabia. Akikosa vipindi, jina lake lilirudishwa mahakamani.

Jambo moja hapa lafaa kutiliwa mkazo kwa sababu ndilo lililoleta mageuzi. Chini ya mtindo wa awali, mwanamke ndiye aliyebeba kesi mgongoni. Ni yeye aliyeulizwa mbele ya mumewe, "Unataka tumkamate?" Jibu lolote alilotoa lingemgharimu polisi wakishaondoka. Katika mtindo wa Duluth, swali hilo liliondolewa mdomoni mwake likawa wajibu wa serikali.

Wakati huo huo, mjini Minneapolis, watafiti Lawrence Sherman na Richard Berk walikuwa wakiendesha jaribio la kisayansi. Walilinganisha kesi ambazo mshukiwa alikamatwa, alishauriwa au aliamriwa kuondoka nyumbani kwa saa chache. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1984 yalionyesha kuwa, kwa mujibu wa rekodi za polisi katika miezi sita, waliokamatwa walirudia makosa kwa kiwango cha takriban asilimia 10, ikilinganishwa na asilimia 19 kwa walioshauriwa na 24 kwa walioondolewa.

Matokeo hayo yalizipa majimbo mengi ujasiri wa kubadili sheria. Tafiti za baadaye katika miji mingine hazikuafikiana nayo zote. Mjini Milwaukee, kwa mfano, kukamatwa kulionekana kuwatia hofu wanaume wenye kazi, huku vurugu zikiongezeka kwa wasiokuwa na kazi ya kupoteza.

Gurudumu lenye spoku nane

Mchango uliompatia Bi Pence sifa kubwa zaidi ulianza kwa mabishano darasani. Katika vikundi vya wanawake mjini Duluth, wahudumu walikuwa wakifundisha nadharia ya mwanasaikolojia Lenore Walker, iliyotolewa mwaka wa 1979, kwamba dhuluma huenda kwa mzunguko: hasira hujengeka, kipigo hulipuka, kisha huja kipindi cha majuto na maua.

Baadhi ya wanawake hawakujitambua katika maelezo hayo. Walisema kwao hakukuwa na maua, wala mambo hayakuwa na mwanzo na mwisho. Kipigo kilikuja mara moja baada ya miezi kadhaa, lakini hofu ilikuwapo kila siku, katika mambo madogo madogo ambayo hakuna afisa aliyewahi kuyauliza.

Basi badala ya kuwafundisha, wahudumu wakaanza kuwasikiliza. Zaidi ya wanawake 200 walihojiwa katika vikao vya vikundi hivyo, wakiulizwa waume zao walifanya nini hasa. Majibu yaliyojirudia ndiyo yaliyopangwa kuwa mchoro, mnamo 1984.

Katika kitovu cha gurudumu hilo kuna maneno mawili: mamlaka na udhibiti. Kutoka hapo zinatoka spoku nane. Ya kwanza ni vitisho na kulazimisha, kama vile mume kusema atajiua mke akiondoka. Nyingine ni kutia hofu kwa macho, kwa kuvunja vyombo au kwa kuonyesha silaha. Kuna kumdunisha mtu hadi adhani ana wazimu, na kuna kumtenga na jamaa na marafiki.

Spoku zinazosalia ni kupuuza kilichotokea au kumlaumu aliyetendewa, kuwatumia watoto, kudai haki za kuwa mwanamume, yaani kumfanya mke mtumishi na kujitwalia maamuzi yote, na hatimaye kubana uchumi, ambako ni kumkataza kufanya kazi, kumnyang'anya mshahara au kumfanya aombe kila senti.

Ringi ya nje inayozishikilia spoku zote ni kipigo na dhuluma za kingono. Ndiyo sababu mchoro ni gurudumu wala si orodha. Mume aliyempiga mkewe mara moja miaka miwili iliyopita hahitaji kumpiga tena. Akimtazama kwa namna fulani mezani, mke hunyamaza. Anayeliona jicho hilo pekee atasema hakuna kosa. Anayeona ringi ataelewa.

Baadaye liliundwa gurudumu la pili, la usawa, likiwa na spoku nane zinazokabili zile za kwanza: mazungumzo ya haki, heshima, kuaminiana, ukweli, malezi ya pamoja, ushirikiano wa kifedha na kadhalika. Hilo halijavuma kama la kwanza. Huenda ni kwa sababu watu hutambua upesi zaidi kinachowaumiza.

Darasa la wanaume

Masomo ya wanaume waliopatikana na hatia yalichota mengi kutoka kwa Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil aliyeamini kuwa mtu hafundishwi kwa kumiminiwa maneno kama mtungi. Wanaume hawakuhutubiwa. Walionyeshwa filamu fupi ya tukio la nyumbani, kisha wakaulizwa: alikusudia nini? Aliamini nini? Mkewe alipata nini, na yeye alipata nini?

Mtaala huo ulichapishwa kama kitabu mwaka wa 1993, Bi Pence na Bw Paymar wakiwa waandishi. Ulienea kote Marekani na ng'ambo, na majaji wengi wakaanza kuwapeleka washtakiwa kwenye masomo ya aina hiyo. Sheria ya kitaifa ya kukabiliana na dhuluma dhidi ya wanawake, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwaka wa 1994, ilitenga fedha za kusaidia ushirikiano baina ya polisi, mahakama na watetezi.

Umaarufu ulileta wakosoaji. Utafiti wa Lynette Feder na Laura Dugan katika Kaunti ya Broward, Florida, uliochapishwa 2002, uliwagawa wanaume 404 kwa kubahatisha. Haukupata tofauti ya maana kati ya waliopelekwa kwenye masomo na waliowekwa chini ya probesheni pekee. Wanasaikolojia Donald Dutton na Kenneth Corvo nao waliandika mwaka wa 2006 kwamba mtindo wa Duluth unapuuza ulevi, maradhi ya akili na majeraha ya utotoni, na kwamba unawahukumu wanaume wote kwa kipimo kimoja.

Watetezi wa mtindo huo hujibu kwamba masomo ni sehemu moja tu ya mtambo. Ukichukua darasa peke yake, ukaacha polisi wanaokamata na mahakama inayofuatilia, umechukua usukani ukaacha gari. Hoja hiyo ina uzito, ingawa pia ni kweli kwamba miji mingi ilipenda darasa kwa kuwa ndilo rahisi kununua.

La kushangaza ni kwamba mmoja wa wakosoaji wa mapema alikuwa Bi Pence mwenyewe. Katika kitabu alichohariri pamoja na Melanie Shepard mwaka wa 1999, aliandika kuwa wanaume wengi aliowahoji hawakuonekana kutamka tamaa ya kuwatawala wake zao. Alikiri kwamba yeye na wenzake walikuwa wakiona kile walichotarajia kukiona, na nadharia ikawazuia kusikia. Ni viongozi wachache wa harakati huandika maneno hayo wakati kazi yao ingali inashangiliwa.

Hakutupa mradi kwa sababu hiyo. Aliurekebisha, akitaka pawepo tofauti kati ya mume anayemtawala mke kwa hofu, mke anayejibu kipigo kwa kipigo, na watu wanaopigana bila mmoja kumtia mwenzake utumwani. Mwaka wa 2006, yeye na Shamita Das Dasgupta walichapisha maandishi yaliyopanga aina hizo. Kwa hakimu, tofauti hiyo si ya kinadharia: sheria ya kukamata kwa lazima ilikuwa imewaingiza seli baadhi ya wanawake waliojitetea kwa kucha na meno.

Fomu inayoua

Katika miaka ya 1990 Bi Pence alirudi masomoni, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, mnamo 1996. Alifuata mbinu ya mwanasosholojia Dorothy Smith, ambaye alichunguza jinsi karatasi za ofisi zinavyotawala maisha ya watu.

Dkt Pence aliketi katika magari ya polisi, akasikiliza simu za dharura na kusoma faili baada ya faili. Alichogundua ni kwamba maisha ya mwanamke huingia mlango mmoja wa mahakama na kutokea mlango mwingine yakiwa kitu tofauti kabisa. Anachosimulia ni miaka sita ya kuishi kwa hofu. Kinachofika mbele ya hakimu ni kofi moja la Jumanne.

Hakuna aliyekusudia kulipunguza jambo. Fomu haikuwa na nafasi ya kuuliza iwapo mume amewahi kumkaba koo, au kutishia kumuua, au iwapo vipigo vinaongezeka. Kisichokuwa na nafasi kwenye fomu hakikuandikwa. Kisichoandikwa hakikusomwa na kiongozi wa mashtaka. Na dhamana ikatolewa kana kwamba hakipo.

Msomaji wa Kenya aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya kituo, akaandikiwa mstari mmoja katika kitabu cha OB kisha akapewa fomu ya P3, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa mbinu ya ukaguzi wa usalama: kikundi cha maafisa na watetezi hufuata njia ya kesi hatua kwa hatua, wakiuliza si nani amekosea bali ni karatasi gani, kanuni gani au mgao gani wa muda unaomwacha mwanamke hatarini. Mnamo 1998 alisaidia kuanzisha shirika la Praxis International ili kuieneza. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa mwongozo wa mji wa St Paul, uliounganisha kanuni za ofisi zote katika hati moja, na ambao baadaye ulijaribiwa Duluth kwenyewe, New Orleans na Memphis.

Upande huu wa dunia

Kenya ilichelewa. Mswada wa kulinda familia dhidi ya dhuluma ulikwama bungeni mwanzoni mwa miaka ya 2000, huku baadhi ya wabunge wakishikilia kwamba wagombanao ndio wapatanao. Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyoasisiwa na Njoki Ndung'u akiwa mbunge mteule, ilipita mwaka wa 2006. Sheria ya kukinga dhidi ya dhuluma za kinyumbani ilisubiri hadi 2015.

Anayeisoma sheria hiyo ya 2015 atakuta humo karibu spoku zote za Duluth: kutia hofu, dhuluma ya kihisia, dhuluma ya kiuchumi, kuandamwa, kufungiwa nje ya makazi. Atakuta pia yale ambayo wanawake wa Minnesota hawakuyataja, kama vile kurithiwa kwa lazima, utakaso wa wajane na wakwe kuingilia ndoa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepigwa au kutendewa ukatili mwingine wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Januari 2024, maelfu ya watu waliandamana katika miji kadhaa kupinga mauaji ya wanawake.

Jirani zetu wa Uganda walifuata njia nyingine. Shirika la Raising Voices la Kampala lilibuni mpango unaoitwa SASA!, neno la Kiswahili tupu, unaoanza na swali la mamlaka lakini ukaliuliza mtaani badala ya kituoni: kwa majirani, mashangazi, viongozi wa dini na wenye maduka. Utafiti uliochapishwa 2014 uligundua kuwa katika mitaa iliyofikiwa, kiwango cha wanawake kupigwa na wapenzi wao kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa mingine. Pale ambapo methali huwaambia majirani wachukue jembe wakalime ndugu wakigombana, huenda mtaa ndio mlango wa kwanza wa kubishwa.

Ellen Pence alifariki Januari 6, 2012, mjini St Paul, baada ya kuugua saratani ya matiti. Alikuwa na umri wa miaka 63. Waliofanya kazi naye humkumbuka kwa mzaha kuliko kwa hasira. Aliweza kuwachekesha maafisa wa polisi kuhusu ripoti zao wenyewe hadi wakakubali kuziandika upya.

Mwaka wa 2014, jijini Geneva, mtindo wa Duluth ulipewa tuzo ya dhahabu ya sera bora duniani na World Future Council, kwa ushirikiano na Muungano wa Mabunge Duniani na shirika la UN Women.

Gurudumu lingali linatolewa na mradi wa Duluth. Mara kwa mara huombwa lifanyiwe marekebisho ili lisitaje mwanamume wala mwanamke, na mara zote wamiliki wake wamekataa, wakisema kwamba spoku zile ziliundwa na wanawake waliokuwa wakieleza waliyotendewa na wanaume, na hawana idhini ya kuwabadilishia maneno yao.